Henry Rono mmemwacha wapi?

Mhariri,

Mimi ni mshona matanga hapa Amu, yaani Lamu, mtaa wa Langoni. Gazeti lako hunifikia mchana, likishavuka maji kutoka Mokowe, na huwa nalisoma nimekaa chini, tanga la mtu limenifunika magoti, nikipumzisha vidole. Ndivyo nilivyoisoma barua ya msomaji wako aliyesema kwamba mjadala wa nani mwanariadha bora kuliko wote waliowahi kuishi umefungwa. Jibu, alisema, ni Eliud Kipchoge, na anayebisha hajui hesabu.

Nabisha, na hesabu naijua. Ninalo daftari nililolianza mwaka 1974 nikiwa mtoto wa shule ya msingi, siku redio ilipotangaza kwamba Filbert Bayi, ndugu yetu Mtanzania, amekimbia mita 1,500 kule Christchurch kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Bayi aliongoza tangu mlio wa bastola, hakumngoja mtu, na waliomfukuza wakashindwa kumfikia. Baba alikuwa na redio iliyovishwa ngozi. Betri zikichoka tulizianika juani zipate nguvu ya taarifa moja zaidi. Nikachukua daftari la hesabu lililokuwa na kurasa zilizobaki, nikaandika: Bayi, 3:32.2. Tangu siku hiyo sijaacha. Madaftari sasa ni saba, yamefungwa pamoja kwa uzi wa tanga, na mchwa wamekula pembe ya lile la tatu.

Nianze na Kipchoge, maana sitaki mtu adhani namvunjia heshima. Ukurasa wake wa kwanza kwangu ni wa Agosti 2003, mjini Paris. Kijana wa miaka 18 aliwashinda Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele, wote wawili, katika fainali moja ya mita 5,000. Nilimwandika nikamwekea nyota. Baadaye akakosa nafasi ya kwenda London 2012, watu wakasema amekwisha, naye akahamia marathoni. Dhahabu ya Olimpiki Rio mwaka 2016, nyingine Sapporo mwaka 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, na rekodi ya dunia akaishusha Berlin hadi 2:01:09. Siku ya Vienna, Jumamosi tarehe 12 Oktoba 2019, sikushona. Mashua mbili zilikuwa zikinisubiri na wenyewe niliwaambia warudi kesho. Tulijaa katika mkahawa mmoja karibu na gati, wavuvi, wapagazi, watoto wa madrasa, na alipowaacha nyuma wale waliokuwa wakimwekea kasi akapita mwisho peke yake, 1:59:40, mzee aliyekaa kando yangu alinishika mkono akalia. Nami nililia.

Lakini daftari ni daftari. Kando ya ile 1:59:40 niliandika: haihesabiwi. Watu 41 walipokezana kumwekea kasi na kumkinga upepo, gari lilimulika mistari ya mwanga barabarani mbele yao, kwa hiyo haikuingia katika orodha ya rekodi. Hilo halimpunguzii kitu. Nalitaja kwa sababu nilipokuwa nikiliandika neno Vienna, mkono ulisita. Nilihisi mji huo nimeshauandika zamani. Nikalifungua daftari la pili, nikaukuta: Vienna, 11 Juni 1978, mita 10,000, 27:22.5, H. Rono.

Kesho yake niliwauliza vijana wa mkahawani kama wanamjua Henry Rono. Hakuna hata mmoja aliyelijua jina lake.

Basi nieleze, kwa ajili yao. Rono alizaliwa Nandi mwaka 1952, na mwaka huo wa 1978 alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Pullman, katika jimbo la Washington, Marekani. Tarehe 8 Aprili, mjini Berkeley, katika mashindano ya wanafunzi wa vyuo, alikimbia mita 5,000 kwa 13:08.4, akaipunguza rekodi ya dunia kwa zaidi ya sekunde 4. Tarehe 13 Mei, Seattle, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, 8:05.4. Tarehe 11 Juni, Vienna, ile niliyoitaja. Rekodi iliyokuwapo ilikuwa ya Mkenya mwenzake, Samson Kimobwa, naye akaishusha kwa sekunde 8. Tarehe 27 Juni, Oslo, mita 3,000 bila viunzi, 7:32.1. Rekodi nne za dunia, mbio nne tofauti, ndani ya siku 81.

Siku 81, Mhariri. Alianza wakati upepo wa kusi unaanza kuvuma hapa kwetu, akamaliza kabla haujachoka. Na mbio zile si ndugu wa tumbo moja, kama anavyoweza kudhani mtu asiyezifuatilia. Wa mita 10,000 huzunguka uwanja mara 25, kazi yake ni subira na mapafu. Wa viunzi huvivuka vizuizi mara 28 na maji mara 7, goti na kiuno vikipigwa kila mzunguko, na anayetua vibaya mara moja ameshavunja mwendo wake wote. Wa mita 3,000 tupu yuko karibu na kasi ya wale wa maili moja. Kwetu hapa ningesema ni nahodha mmoja aliyeshinda kwa ngalawa, akashinda kwa mashua, akashinda kwa dau la mwao, na mwisho akashinda kwa jahazi, msimu mmoja, bila kupumzika. Tangu siku ile ya Oslo hakuna mwengine aliyewahi kuzishika rekodi hizo nne kwa pamoja. Ile ya viunzi ilikaa miaka 11, mpaka 1989, ndipo Mkenya mwengine, Peter Koech, akaigusa kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Nilimweleza haya mjukuu wangu. Yuko kidato cha tatu, na kwake yeye bingwa wa mabingwa ni Faith Kipyegon. Hoja zake ni nzito kuliko za msomaji wako. Dhahabu ya mita 1,500 Rio, Tokyo na Paris, Olimpiki tatu mfululizo, jambo ambalo hakuna mwengine aliyelifanya katika mbio hizo. Katikati ya ya kwanza na ya pili alijifungua mtoto, mwaka 2018, akarudi akiwa na kasi kuliko alivyoondoka. Na Julai 2025 kule Eugene akaishusha rekodi yake mwenyewe hadi 3:48.68. Mjukuu wangu aliyasema haya akiwa amesimama mlangoni na buibui mkononi, ananihesabia kwa vidole.

"Babu, na huyo Rono wako ana medali ngapi za Olimpiki?"

"Hana."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Basi, babu," akasema, akatoka zake.

Ile "basi" yake ndiyo iliyonikalisha niandike barua hii, kwa sababu ni ile ile ya msomaji wako. Wote wawili wanahesabu medali. Na medali ni hesabu yenye shimo chini.

Kwanza zinatofautiana kwa wingi kabla hata mtu hajafanya kitu. Michael Phelps ana dhahabu 23 za Olimpiki, nane kati ya hizo alizipata Beijing 2008 peke yake. Sisi ni watu wa maji na kuogelea tunakuheshimu, lakini muogeleaji huweza kuingia majini asubuhi na jioni siku hata tisa. Mtu wa marathoni ana mbio moja kwa miaka minne. David Rudisha alikuwa na mita 800 tu, na tarehe 9 Agosti 2012 mjini London alizikimbia kwa 1:40.91 akiwa mbele kuanzia mwanzo, akiwaburuta wenzake wote nyuma yake. Aliyemaliza wa mwisho siku ile alitumia 1:43.77, muda ambao ungempa dhahabu katika Olimpiki tatu zilizotangulia. Kwa hesabu ya msomaji wako, mbio ile ni moja tu, sawa na dhahabu yoyote nyingine.

Pili, na hili ndilo linaloniuma, medali huhesabiwa kwa waliofika kwenye mstari wa kuanzia.

Rono hakufika. Mwaka 1976, Montreal, nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo, ziligoma kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na watu wa michezo hawakuifukuza New Zealand. Damu ya watoto wa shule waliouawa na polisi Soweto ilikuwa haijakauka, ilikuwa ni mwezi mmoja tu. Mwaka 1980, Moscow, Kenya ikaungana na Marekani kugoma kwa sababu ya majeshi ya Urusi kuingia Afghanistan. Rono alikuwa na miaka 24 mara ya kwanza na 28 mara ya pili. Kwa mkimbiaji wa masafa yale, huo ndio umri wenyewe. Kabla yake alikuwa hajaiva, na baada yake mwili haukungoja.

Sisemi mgomo wa 1976 ulikuwa kosa. Nilikuwa mtoto mkubwa, nilisikia redioni yaliyotokea Soweto, na hata leo naona Afrika ilifanya haki. Mgomo wa 1980 sina hakika nao hivyo. Lakini haki ya nchi ililipwa kwa mifuko ya watu wachache sana, na waliolipa hawakurudishiwa. Bayi alikosa Montreal, ambako dunia nzima ilikuwa ikimngojea yeye na John Walker wa New Zealand. Tanzania haikugoma 1980, akaenda Moscow, akapata fedha katika viunzi. Nilifurahi sana. Niliandika jina lake kwa wino mwekundu. Mike Boit wetu, wa mita 800, naye alikosa. Na Rono akakosa zote mbili.

Naomba niseme jambo la kwetu hapa, kwa sababu bila hilo sidhani mtu ataelewa kwa nini mzee wa Amu anamlilia mtu wa Nandi.

Ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa nahodha wa mashua. Chombo chake kilitengenezwa Matondoni, cha mbao za mbambakofi, kirefu, chembamba, chepesi kugeuka. Mwaka nilioanza kazi ya kushona kwa mkono wangu mwenyewe, alinipa marikani nimshonee tanga la mashindano ya Maulidi. Lilikuwa tanga la kwanza nililoachiwa peke yangu kuanzia kukata mpaka kutia kamba pembeni. Nilishona usiku kwa taa ya chemni, uzi nikiupaka nta, na nilifumua sehemu moja mara tatu kwa sababu tumbo la tanga lilikuwa limekaa chini mno. Tanga likiwa na tumbo chini, mashua haiendi joshi, yaani haiwezi kuukaribia upepo, inajikokota pembeni. Mabaharia wakakitia chombo kalafati, wakakipaka shahamu chini na sifa juu mpaka kikang'aa. Tulikijaribu jioni moja kuelekea Shela na kurudi. Manahodha wawili wakubwa waliokuwa wakitazama kutoka ufukweni walinyamaza. Watu wa bahari wakinyamaza hivyo wameshaona walichokiona.

Usiku wa kuamkia mashindano wazee wa mitaa miwili waligombana juu ya waamuzi. Sitataja mitaa, wengine bado wako hai na mambo yameshapoa. Upande wetu ukatoa mashua zake zote. Haki ilikuwa kwetu, nasema hivyo mpaka leo, na ami hakuwapinga wazee. Asubuhi upepo ulivuma vizuri kuliko siku zote za wiki ile. Chombo kilikuwa pwani, tanga langu limefungwa kwenye foromali, ule mti wa kushikia tanga, nanga mchangani. Ami alikaa kwenye ngazi za gati akatazama mashua za wengine zikipita. Nilikuwa kando yake. Hakusema neno kwa muda mrefu, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya paja na vidole vimekunjwa kama vimeshika kana ya usukani, na kila mashua ya mbele ilipobisha, yaani ilipogeuka kuukata upepo, ule mkono ulisukuma kidogo. Ulisukuma mapema kuliko wao, kila mara. Ndipo akasema, kwa Kiamu chetu, bila kunitazama: "Upepo wauona? Mimi ndia sina." Ndia kwetu ni njia.

Maulidi iliyofuata mtoto wa jicho alikuwa ameshaanza kumtanda. Hakushindana tena.

Aliyeshinda siku ile jina lake linatajwa mpaka leo, na alikuwa nahodha mzuri, simnyimi haki yake. Ami hatajwi, na siwezi kumlaumu mtu. Mashua hazina saa. Upepo wa leo si wa jana, maji yakijaa si sawa na yakitoka, kwa hiyo hatupimi muda, tunatazama nani kamtangulia nani. Usiposhindana siku ile, hakuna kitu duniani kinachoweza kukusemea baadaye. Kimebaki kichwani mwangu tu, na mimi naelekea kuzeeka.

Rono alikuwa na saa. Hapo ndipo msomaji wako na mjukuu wangu wanapokosea, nami nina daftari la kuwaonyesha. Montreal 1976, viunzi na maji, mshindi alikuwa Anders Gärderud wa Sweden, 8:08.02, na ilikuwa rekodi ya dunia. Miaka miwili tu baadaye Rono alikwenda 8:05.4. Moscow 1980, mshindi Bronisław Malinowski wa Poland, 8:09.7. Mita 10,000: Lasse Virén wa Finland alishinda Montreal kwa 27:40.4, Miruts Yifter wa Ethiopia akashinda Moscow kwa 27:42.7. Ya Rono ni 27:22.5, yaani mbele ya wote wawili kwa karibu mita mia na zaidi. Mita 5,000: Virén 13:24.8, Yifter 13:21 hivi, Rono 13:08.4.

Najua atakayenijibu atasema nini, kwa sababu nimeshasikia barazani. Atasema fainali za Olimpiki hukimbiwa kwa hila, polepole mwanzo na moto mwisho, na muda wake haulinganishwi na wa mbio za rekodi. Ni kweli. Virén alikuwa fundi wa hila hizo na Yifter alikuwa na miguu ya mwisho inayotisha. Siwezi kuapa kwamba Rono angewashinda. Ninachoweza kusema ni kwamba si mtu wa kukimbia na saa peke yake. Julai ya mwaka ule ule wa 1978 alikwenda Algiers, Michezo ya Afrika, akachukua dhahabu ya mita 10,000 na ya viunzi. Agosti akaenda Edmonton, Michezo ya Jumuiya ya Madola, akachukua ya mita 5,000 na ya viunzi. Hizo zote ni mbio za kushindana, bega kwa bega, na alikwenda nazo baada ya rekodi nne, ambapo mtu mwengine angekuwa kitandani.

Atasema pia kwamba Rono alijiharibu kwa pombe. Hilo Rono mwenyewe hakulificha, alilisema hadharani. Pesa zikaisha. Bingwa wa rekodi nne aliosha magari, alibeba mizigo ya abiria katika uwanja wa ndege wa Albuquerque, watu wakimpa sanduku bila kujua wanampa nani. Hapa kwetu tumeona pombe na unga vikila vijana wenye vipaji, mabaharia wazuri kabisa, na hatusemi kwamba hawakuwahi kuwa mabaharia. Mwaka 1981, akiwa tayari ndani ya shida hiyo, alikimbia mita 5,000 nchini Norway kwa 13:06.2, rekodi ya dunia tena. Na baadaye akaiacha pombe, akawa mwalimu na kocha wa vijana. Kwangu mimi hilo linaongeza, halipunguzi.

Wazee wa baraza yangu wengi wanamtaja Kipchoge Keino, na hao sibishani nao kwa sauti kubwa. Mexico 1968, nyongo ikimuuma mpaka akaanguka katika mita 10,000, kisha siku chache baadaye akamwacha Mmarekani Jim Ryun mbali katika mita 1,500 na kupata dhahabu. Tungebaki na yeye tu ningeridhika. Usain Bolt na 9.58 yake namwacha, watu wa mita 100 nawaona ni taifa jingine.

Ila kuna kitu nimekigundua katika daftari ambacho kinanisumbua zaidi ya medali. Rono alipotoka Edmonton na dhahabu zake mbili, nchi ilipaswa kumpokea kwa ngoma. Siku chache baadaye, tarehe 22 Agosti 1978, Mzee Jomo Kenyatta akafariki Mombasa. Nakumbuka redio ilivyogeuka, nyimbo za maombolezo mchana kutwa, maduka yamefungwa, bendera nusu mlingoti mbele ya ngome yetu. Nani angemtaja mkimbiaji? Nilipotazama daftari, tangu Agosti ile mpaka mwisho wa mwaka sikuandika jina lake tena hata mara moja.

Kisha mwaka 2024. Tarehe 11 Februari alifariki Kelvin Kiptum katika ajali ya gari, kijana wa miaka 24, mwenye rekodi ya marathoni ya 2:00:35 aliyoiweka Chicago miezi minne tu kabla. Kenya nzima ililia, na ilistahili kulia. Mimi mwenyewe nilifunga ukurasa wake kwa mstari mweusi. Siku nne baadaye, tarehe 15, Henry Rono akafariki mjini Nairobi, akiwa na miaka 72. Alikuwa amerudi nyumbani mwaka 2019 baada ya miongo mingi ya kukaa Marekani. Habari ya kifo chake niliisikia kwenye redio ikiwa ya mwisho kabla ya hali ya hewa. Nilikuwa natia nta uzi. Niliuweka chini nikangoja warudie katika taarifa ya saa mbili, na katika taarifa ya saa mbili haikuwapo.

Kwa hiyo, Mhariri, anayetaka kufunga mjadala aufunge baada ya kumsoma mtu huyu. Mimi nikiulizwa nani mwanariadha bora kuliko wote nasema Henry Rono, na nasema hivyo nikiwa nimeandika majina ya Kipchoge, ya Kipyegon, ya Rudisha na ya Keino kwa mkono wangu, mengine kwa wino mwekundu. Nasema hivyo kwa sababu alipewa upepo na akanyimwa njia mara mbili, na bado saa imebaki na jina lake.

Mjukuu wangu amesoma barua hii kabla sijaifunga. Hajakubali. Amesema Kipyegon angemshinda Rono kwa moyo, nami nimemwambia aandike barua yake. Lakini amelichukua daftari la pili, amekaa nalo ngazini tangu alasiri, na sasa hivi ameniuliza Pullman ni wapi.

Ombi langu ni moja. Ukiichapisha, tarakimu zisikosewe: 13:08.4, Berkeley. 8:05.4, Seattle. 27:22.5, Vienna. 7:32.1, Oslo.

Mshona matanga,
Langoni, Lamu